Mdogo wangu kachomwa filla puani, ngozi inageuka rangi. Tusubiri Jumatatu?

DadaWaNjiro: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu alichomwa filla, ile sindano ya kujazia chini ya ngozi, Ijumaa jioni ili kunyanyua pua, saluni moja hapa Arusha. Usiku ule ule maumivu yakamzidi. Aliyemchoma akasema ni kawaida, aweke barafu. Jana ncha ya pua na mdomo wa juu vikawa na mabaka ya zambarau yenye michirizi kama wavu, leo vimetoka vipele vya usaha. Duka la dawa wamempa krimu ya hepesi, vile virusi vya malengelenge ya mdomoni. Naombeni ushauri, nimechanganyikiwa.

Kibo_Mzee: Pole binti. Mpake asali mbichi na aloe vera. Shangazi yangu aliungua na mafuta ya kupikia, hata kovu huoni.

MuuguziThieta: Mzee wangu, shikamoo, lakini asali tuiache kwenye chai.
Dada, hiyo inaonekana kabisa kama filla imeziba mshipa wa damu. Ngozi inakosa damu na kuanza kufa, na vile vipele vya usaha ndivyo vinavyofanya watu wadhani ni hepesi. Barafu aache sasa hivi, inabana mishipa zaidi. Aweke kitambaa cha uvuguvugu. Bonyeza penye mabaka kwa kidole, uachie. Rangi ikichelewa kurudi kuliko sehemu nzima, damu haipiti vizuri. Kwa ngozi zetu nyeusi weupe hauonekani kirahisi, kwa hiyo mfunue mdomo uangalie na ndani. Hata ukiona nafuu, msisubiri Jumatatu, nendeni usiku huu.
Ni filla gani? Ya asidi ya haialuroniki ina dawa ya kuiyeyusha, haialuronidezi. Hudungwa eneo lote lililoathirika, dozi kubwa, na hurudiwa kila baada ya saa moja hivi mpaka damu ipite. Mmechelewa, ila bado inafaa kujaribiwa. Silikoni haiyeyuki kwa dawa hiyo.

DadaWaNjiro: Asante sana. Boksi tumelipata kwa mbinde, imeandikwa haialuroniki. Hospitali niliyopiga simu wanasema dawa hiyo hawana.

MuuguziThieta: Waambie waulize idara ya macho. Madaktari wa macho huichanganya na ganzi kabla ya upasuaji, watu wa ngozi wengine hata hawakumbuki. Wakikosa, shukeni hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kuna idara ya macho na ya ngozi pamoja, ila pigeni simu kwanza. Bebeni boksi. Akiona ukungu, kope ikilegea au jicho likiuma, huo ni mshipa wa jicho, hapo hata dakika zina hesabu. Aspirini asinywe kabla daktari hajamuuliza kuhusu vidonda vya tumbo na mzio.

Wambo_Nairobi: Pole dadangu. Mimi yalinipata pembeni ya pua. Pakitokea gaga jeusi, asilibandue! Daktari wangu alikataa kukata mapema, akangoja ngozi iliyokufa ijitenge na nzima, vinginevyo angeondoa nyama ambayo ingepona. Kidonda tulikifunika kikae na unyevu, kisikauke. Leza ya kovu ilikuja miezi baadaye. Jua ndilo lilinisumbua zaidi, doa lilizidi kuwa jeusi hadi nikaanza kupaka krimu ya kukinga jua kila asubuhi.

DadaWaNjiro: Tumepiga KCMC, wamesema twende. Tuko njiani, boksi ninalo.