"Jumbo" si neno letu, anayebisha alete ushahidi

Wadau, kila ukianza mjadala wa maneno ya Kiswahili yaliyoingia kwenye Kiingereza, baada ya "safari" hakosekani wa kusema hata "jumbo" (kitu kikubwa mno) ni letu, eti limetokana na "jambo" au "jumbe". Mimi nakataa.

Tuanze na tembo aliyelieneza. Jumbo alikamatwa akiwa mtoto maeneo ya mpaka wa Sudan na Ethiopia mwanzoni mwa miaka ya 1860, akapelekwa Paris, na mwaka 1865 akahamishiwa bustani ya wanyama ya London. Watoto wakawa wanapanda mgongoni mwake. P. T. Barnum alipomnunua mwaka 1882 kwa pauni 2,000 ili ampeleke Marekani kwenye sarakasi yake, London ilichachamaa; watoto wa shule kwa maelfu walimwandikia Malkia Victoria wakimsihi azuie. Akaenda, na mwaka 1885 akagongwa na treni huko St. Thomas, Kanada, akafa. Jina likabaki sifa ya kila kilicho kikubwa, mpaka ndege ya Boeing 747.

Sasa huko alikozaliwa Kiswahili kilifuata nini? Na jumbe ni mkuu wa kijiji, tembo anaingiaje hapo? Kama tunafuata sauti tu, Waovambo wa Namibia humwita tembo "ondjamba". Hao wana haki kutuzidi, maana kwao hata maana inakaa.

Isitoshe, neno limo kwenye kamusi ya misimu ya London ya 1823, likimaanisha mtu mkubwa, mzito wa mwili. Tembo wetu hajazaliwa! Mimi naegemea "mumbo jumbo", ambalo Waingereza walilikuta kwa Wamandinka, Gambia. Mwingereza Francis Moore aliandika mwaka 1738 habari za huyo Mumbo Jumbo, mtu wa kutisha wanawake usiku: kajifunika vazi refu la magome ya miti, kichwani kishungi cha majani makavu, urefu futi nane au tisa. Kutoka hapo hadi "pandikizi la mtu" si mbali.

Tunapodai kila kinachofanana na chetu, hata "safari" yetu halali inaanza kutiliwa shaka, na hilo linaniuma.

Najua mtasema meli ya baharia Mwingereza James Lancaster ilitia nanga Unguja tangu 1591, kwa hiyo njia ya neno letu kufika kwa Waingereza ilikuwepo. Nakubali. Basi nionyesheni andiko moja la Kiingereza la kabla ya 1823 lenye "jumbe" au "jambo" kwa maana ya ukubwa.