Naomba ushauri: mwanamume kutafiti unyago Newala

Wakubwa shikamooni. Ninasoma anthropolojia, na kati ya matawi yake manne, yaani la utamaduni, la maumbile ya binadamu, la isimu na akiolojia (ambayo kwetu Kusini humkumbusha mtu magofu ya Kilwa Kisiwani), nimechagua la utamaduni, niandike kuhusu unyago wa Wamakonde. Msimamizi wangu anataka uchunguzi shirikishi, yaani kuishi na watu na kushiriki shughuli zao, kama mwanaanthropolojia Malinowski alivyoishi na watu wa visiwa vya Trobriand, katika bahari ya Pasifiki, kati ya 1915 na 1918. Lakini mimi ni mwanamume, na juzi nilipofungua daftari barazani kwa bibi mmoja, alinyamaza, akaendelea kubangua korosho zake. Je, nitosheke na usaili, au nitafute mtafiti mwenza wa kike? Na ruhusa niianzie kwa kungwi au kwa mwenyekiti wa kijiji?