London hadi New York: kwa nini kurudi ni haraka kuliko kwenda?

Swali: Ndugu zangu, umbali wa angani kati ya miji hii ni takriban kilomita 5,570, lakini ratiba huonyesha muda wa saa 8 hivi kwenda New York na saa 7 kurudi London. Tofauti hiyo inatoka wapi? Je, ni kwa sababu dunia inazunguka?

Jibu: Kinachohusika ni upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, huvuma mkondo mkali wa hewa kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo ndege inayoelekea London husukumwa kwa nyuma, ilhali inayokwenda New York hupambana nao au hulazimika kuuzunguka. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya abiria ilitumia chini ya saa 5 kufika London! Mzunguko wa dunia hauongezi wala kupunguza moja kwa moja, kwa kuwa hewa huzunguka pamoja nayo.

Jibu: Naongezea kwamba ratiba huhesabu pia muda wa ndege kutembea ardhini.

Muulizaji: Nashukuru. Tiketi yasema kuondoka saa 4 asubuhi, kufika saa 7 mchana.

Jibu: Ni sahihi, kwani saa za New York kwa kawaida ziko nyuma kwa saa 5.