Gego la utoto la mwanangu limetoboka: nizibe, ning'oe au niache?

Mama Jamila, Morogoro

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu anatimiza miaka 5 Desemba. Gego lake la mwisho, chini kushoto, lina tundu. Nililiona usiku nikimpiga mswaki kwa tochi ya simu: doa la kahawia, na katikati shimo la kuingia punje ya mchele, chakula kinanasa humo. Usiku halimuumi, analala vizuri. Ila akila ubuyu au kitu cha baridi anashika shavu, akishameza maumivu yanakata.

Zahanati ya kwanza walisema ling'olewe, la utoto hilo, litaota lingine. Kliniki ya pili wakasema lizibwe, lakini ilipowashwa mashine mtoto alipiga yowe akafunga mdomo, tukarudi nyumbani. Mama mkwe anasema nimwekee karafuu tu, litang'oka lenyewe. Baba yake anataka ling'olewe tumalize gharama mara moja. Mimi moyo unakataa kung'oa jino lililokaa imara hivi, na sitaki pia mtoto ateseke kwenye kile kiti. Jumatatu nataka kumrudisha. Naombeni mawazo.

Baba Ilham, Tanga

Pole sana mama. Wangu aling'olewa gego kama hilo hilo akiwa na miaka 4. Maumivu yaliisha, sikatai. Lakini alipoanza darasa la kwanza, gego la ukubwani likaota nyuma ya pengo na kusogea mbele. Sasa ana miaka 11, jino lililotakiwa kuota pale limekosa nafasi, limetokea upande wa ulimi. Tunaambiwa avalishwe waya. Kule tulikong'olea hakuna aliyetuambia kwamba kuna kifaa cha kushikilia nafasi. Wakikwambia ung'oe, uliza hilo kwanza.

Tabibu wa Meno, Singida

Mama Jamila, mimi ni tabibu wa kinywa na meno kwenye kituo cha afya, na wagonjwa wangu wengi ni watoto. Jino nisilolichungulia siwezi kuliamulia, ila umeeleza vizuri na umetaja mambo mawili yanayoamua.

La kwanza ni jino lenyewe. Meno ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka 6 au 7, lakini gego la mwisho la utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Bibi yake Jamila, kwa heshima zote, anataka tusubiri miaka zaidi ya mitano, na tundu halitasubiri. Jino la utoto lina ganda jembamba, uozo haukawii kufika kwenye mshipa ulio ndani ya jino. Aliyoyasema Baba Ilham nayaona kila mara.

La pili ni aina ya maumivu. Yakija kwa kitu kitamu au baridi na kukata papo hapo, mara nyingi mshipa bado ni mzima. Angekuwa anaamka usiku analia, au ana kipele cha usaha kwenye ufizi, tungezungumzia kusafisha kiini, yaani huo mshipa wa ndani, au kung'oa. Na shavu likivimba akawa na homa, usingoje Jumatatu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa hiyo mashine si lazima. Uozo laini unaweza kukwanguliwa kwa vijiko vidogo vya mkono, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi, kisha tundu likazibwa kwa dawa nyeupe inayotoa floridi, madini yanayoimarisha jino. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vituo visivyo na umeme, ndipo dunia ikaichukua. Inashika vizuri tundu likiwa juu, pale pa kutafunia. Likiwa ubavuni, kati ya gego na gego, dawa hudondoka mapema, na hapo ni bora kofia ya chuma. Kofia hiyo hubandikwa juu ya jino bila kuchonga, mtoto anaing'ata ikae. Haipatikani kila mahali, ulizia hospitali kubwa.

Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floridi, inapakwa kwa brashi ndogo na kusimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Sehemu iliyooza inageuka nyeusi tii na hairudi, na tundu linabaki wazi, chakula kitaendelea kunasa.

Angekuwa wangu ningeanza na vijiko. Mpeleke asubuhi akiwa ameshiba. Usimwahidi kwamba haitauma, na asitishiwe sindano nyumbani. Karafuu acha, mafuta yake yanababua ufizi wa mtoto. Usiku apigwe mswaki kwa dawa yenye floridi, kiasi cha njegere, ateme asisukutue, na baada ya hapo ni maji tu. Ubuyu ale pamoja na mlo, asimung'unye kutwa.

Bi Mwanaisha, Unguja

Mjukuu wangu alipakwa hiyo ya maji. Hakulia hata kidogo. Weusi uko nyuma, chuoni hakuna aliyeuona. Ila ilimgusa mdomo ikaacha doa kwa siku kadhaa, na kanzu iliyodondokewa haikutakata tena. Mvalishe nguo ya zamani.

Mama Jamila, Morogoro

Mungu awabariki. Nimemsomea baba yake yote. Anauliza, dawa ikidondoka? Halafu nimemulika gego la kulia, halina shimo, ila karibu na ufizi kuna mstari mweupe kama chokaa.

Tabibu wa Meno, Singida

Ikidondoka inarudishwa, mwambie asihofu. Piga simu kabla ya kwenda uulize kama wanaziba kwa vijiko vya mkono na kama dawa ipo, wakati mwingine huisha stoo. Huo mstari mweupe usiong'aa ni uozo unaoanza. Bado unaweza kuzuiwa kwa floridi pasipo kuziba chochote. Waonyeshe Jumatatu hiyo hiyo, wampake vanishi ya floridi, dawa nzito inayoganda juu ya meno, pande zote.