MJADALA: Namba ya badiliko la msimbo ionekane kwenye toleo la mfumo, ama iondolewe?

Wa Himbi: Sisi tunaotunza seva za FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, hapa Goma tumeshindwa kupatana; kila mmoja hapa anaitwa kwa mtaa wake. Ukiandika amri ya uname -v kwenye toleo la 12.1 unaona r354233, yaani kerneli (kiini cha mfumo) ilijengwa msimbo ukiwa umefika badiliko gani. Mimi nasema ibaki. Mwenzangu wa Bukavu akipiga simu kwamba mashine inagoma, kuniambia "niko na 12-STABLE" hakunisaidii, tawi hilo (mstari mmoja wa msimbo unaoendelezwa) lilikuwa likibadilika kila mara. Anisomee namba, nitajua kama kiraka (rekebisho la kosa) kimemfikia, kabla hajamaliza mega zake kupakua msimbo wote.

Wa Birere: Kaka, hayo ni ya enzi za Subversion, chombo cha kutunza historia ya msimbo, namba zikipanda kwa mfululizo. Desemba 2020 msimbo ulihamia chombo kingine, Git. 13.0 ya Aprili 2021 inaandika n244733-ea31abc261f. Mkia huo wa ea31abc261f utamsomea nani kwenye simu inayokatikakatika?

Wa Himbi: Mkia uache. Hiyo n244733 ni hesabu ya mabadiliko ya tawi, nayo inapanda vilevile. Ila usilinganishe namba za tawi moja na za lingine.

Wa Katindo: Samahani wakubwa. Mimi naona inadanganya. uname inasema habari za kerneli inayotembea sasa, basi. Kiraka cha usalama kikigusa programu nyingine bila kugusa kerneli, namba haisogei, na bosi akiangalia skrini anasema hamjasasisha kitu! Mimi namwonyesha freebsd-version -u, ndiyo inayotaja toleo la programu za mfumo.

Wa Birere: Umeona? Tena kuionyesha namba kunawarahisishia wezi wa mitandaoni kazi, wanajua kiraka gani hujaweka.

Wa Himbi: Mwizi aliyekwisha kuingia na kuandika uname humo ndani, unamficha nini tena? Kuibandika namba pale wanapofikia watu wa nje, hapo sawa, nakataa pamoja nawe. Kama ni kuondoa, ondoeni saa ya kujenga na jina la mashine iliyojenga. Hivyo ndivyo vinafanya watu wawili wajenge msimbo uleule na kupata faili zisizolingana. Namba haina kosa hilo: msimbo uleule, namba ileile. Katindo ana haki, lakini dawa yake ni kuonyesha vyote viwili. Na wewe Birere, kerneli mtu aliyoichokonoa mwenyewe, inayoandika -dirty mwishoni mwa namba, nayo tuifiche?

Wa Birere: Hiyo hapana. Mtu akiniletea mashine ya namna hiyo, ndicho cha kwanza ningetafuta.