Tupeane uzoefu: ulipofumua boti kuukuu ya faiba, ulirudisha kiini gani?

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Naomba tuweke hapa tuliyoyafanya kwa mikono yetu wenyewe. Kila anayefufua boti ya zamani ya faiba hufika siku moja mahali pale pale: ngozi ya ndani keshaifungua, kiini kilichooza, lile tabaka jepesi lililobanwa kati ya ngozi mbili za faiba, keshakikwangua, amebaki anatazama shimo na kujiuliza arudishe nini katikati. Balsa (ile mbao nyepesi sana), foamu, plaiwudi au kitu kingine?

Naanza na yangu. Boti ina futi 26, ya aina ya zamani: chini ya mstari wa maji ni faiba tupu, nene, na kiini cha balsa kipo sitahani na ubavuni juu. Ukiitazama kwa macho, kavu kabisa. Nikafungua skrubu moja ya nguzo ya ukingo. Ikatoka na tone la maji ya kahawia, likafuata jingine. Nikatega kikombe chini yake, na kufika asubuhi kilikuwa nusu.

Nikachukua nyundo ndogo ya plastiki nikaanza kugonga sitaha yote, kiganja kwa kiganja. Tok, tok, tok, sauti kavu, halafu ghafla bubu, kama unagonga godoro. Kila penye sauti bubu nikazungushia chaki. Nilipomaliza nilisimama juu ya kibanda kutazama, na hapo ndipo nilipoelewa kazi iliyokuwa mbele yangu. Kila duara la chaki lilikuwa na tundu katikati yake: skrubu, kishikio cha kamba, kitako cha mlingoti, tundu la hewa. Hapakuwa na duara hata moja mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kutoboa.

Nikafungua. Karibu na matundu balsa ilikuwa uji mweusi, unauzoa kwa kijiko. Nikifuata ule uozo nje, mita moja hivi, mbao ikaanza kuwa ya manjano, halafu nyeupe, na pale patasi ilinishinda. Nilipolazimisha ilipasuka mbao yenyewe, gundi haikuachia. Balsa hiyo ina umri sawa na boti.

Kwa hiyo nilirudisha balsa, na wengi walinishangaa. Balsa inayotumika kwa kazi hii hukatwa nyuzi zikisimama wima kati ya ngozi mbili, ndiyo maana inabeba mgandamizo kuliko foamu nyingi za kawaida, na uzito wake ni kama kilo 150 tu kwa mita ya ujazo. Chini ya mlingoti nilitaka nguvu hiyo. Kila tundu la boliti nilitoboa pana kuliko boliti, nikajaza epoksi (resini, yaani gundi ya majimaji inayokauka kuwa ngumu) iliyokorezwa kwa unga wa silika, ikakauka, ndipo nikatoboa upya katikati ya epoksi. Sasa boliti haiigusi mbao popote. Maji yakipita sili siku moja, yatakuta ukuta.

Karibuni.

Ngama Kavu

Mkuu, kwa sitaha nakubali. Chini ya maji mimi balsa siweki, hata ukinishikia panga. Yangu ilikuwa na kiini mpaka chini ya mstari wa maji, na aliyeipitisha bomba la choo kabla yangu alitoboa moja kwa moja, hakuziba kingo. Maji yaliingia pale yakatembea kwenye mifereji ya zile shiti. Mnazijua: ili balsa au foamu ikubali kupinda kufuata umbo la boti, hukatwa vipande vidogo vya mraba vikashikwa na wavu nyuma. Ukiipinda, mifereji kati ya vipande inafunguka. Isipojazwa resini, umejenga mabomba ndani ya boti yako.

Nilichagua foamu ya plastiki iitwayo SAN, ya jina la biashara Corecell, kwa sababu eneo la mbele chini hupigwa na mawimbi kila siku na ile foamu huvumilia kupigwa, inabonyea kidogo badala ya kuvunjika. Foamu ya PVC ngumu kama Divinycell ningeweza kuitumia ubavuni bila wasiwasi.

Lakini foamu haikuniokoa na kosa langu. Kipande cha kwanza nilikibandika kwa kukandamiza na mifuko ya mchanga. Ilipokauka niligonga: bubu sehemu tatu. Hewa ilibaki chini. Nikatoboa vitundu, nikaingiza epoksi kwa sindano mpaka ikachomoza upande wa pili. Vipande vilivyofuata vyote nilitumia mfuko wa plastiki na pampu ya kunyonya hewa. Watu hudhani ni anasa, lakini pigeni hesabu: ukivuta nusu tu ya hewa, anga inakukandamizia karibu tani 5 kwa kila mita ya mraba, sawasawa kila mahali. Mifuko ya mchanga hiyo utaipata wapi?

Na penye bomba lolote linalotoboa mwili wa boti, kiini kiishe kabla ya kufika. Mimi nilikwangua kiini kuzunguka tundu, nikajaza tabaka za faiba tupu mpaka ngozi ya ndani na ya nje zikawa kitu kimoja.

Mshika Tezi

Jamani msisahau ukuta wa nyuma, ule unaobeba injini. Pale foamu laini haifai, boliti za injini zinakaza na kuisaga. Kiini cha zamani kilikuwa plaiwudi, imeoza mpaka unachomeka bisibisi kwa mkono.

Nilipima njia mbili. Plaiwudi ya baharini ina nguvu, inashika boliti vizuri, lakini ni nzito, na maji yakiingia husafiri mbali kufuata nyuzi zake. Ya pili ni ubao wa foamu ya poliurethani iliyotiwa nyuzi za faiba, kama Coosa. Ule mzito wake una takriban kilo 400 kwa mita ya ujazo, hauozi. Niliuchukua huo. Angalizo: hauna ugumu uleule wa plaiwudi kwa unene uleule, hivyo niliongeza tabaka za faiba pande zote mbili. Ukibadilisha mbao kwa ubao bila kuongeza faiba, utaona ukuta unacheza injini ikivuta.

Msasa Themanini

Langu fupi na linauma. Nilikuwa na shiti za polistaireni, zile nyeupe za kufungia vifaa, na resini ya poliesta. Nikazipaka. Dakika chache baadaye shiti zilikuwa zinazama zenyewe kama sukari kwenye chai. Staireni, kimiminika kilichomo kwenye resini za poliesta na vinilesta, inayeyusha polistaireni. Epoksi haiyeyushi, lakini hata hivyo foamu ile ni dhaifu mno kwa mwili wa boti. Nilikwangua siku mbili.

Ngama Kavu

Pole sana ndugu. Na kabla ya kununua chochote, mtu ajue kwanza anabandika kwa resini gani. Juu ya faiba ya zamani iliyokwisha kukauka, epoksi inashika kuliko poliesta. Ila mkeka wa faiba wa kawaida una gundi inayosubiri staireni ili ilainike, kwa hiyo kwenye epoksi hubaki mgumu. Tumia kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa.

Mgeni wa Sitaha

Samahani wakubwa zangu, swali. Kwa nini nisiache kiini kabisa, nikarudisha faiba tupu? Si ndiyo isiyooza?

Mleta uzi

Unaweza, mdogo wangu, na penye vifaa vizito hata mimi nimefanya hivyo. Shida ni uzito. Chukua bamba la faiba, lipasue katikati kwa unene, uweke kiini kati mpaka unene wote uwe mara mbili: ugumu unapanda kama mara 7, na uzito umeongezeka kidogo tu. Ukifika unene mara nne, ugumu ni kama mara 37. Sitaha yenye ngozi mbili nyembamba bila kiini itakuwa inabonyea chini ya miguu yako, na ukitaka isibonyee kwa faiba tupu utabeba mzigo juu kabisa ya boti, mahali pabaya kuliko pote.

Jambo jingine: usifungue ubavu wote kwa mkupuo. Ngozi moja bila kiini haina ugumu, boti inalegea umbo. Mimi nilitegemeza kwa mbao zilizokatwa kufuata mkunjo wake, nikafanya eneo moja, nikafunga, ndipo nikahamia la pili. Na ngozi unayoirudisha ichongwe mshazari kwenye kingo, uwiano wa 12 kwa 1. Ngozi ya milimita 4 inataka mshazari wa milimita 48. Inauma kukata faiba nzima namna hiyo, lakini kiungo kinashikia hapo.

Mshika Tezi

Niongeze rangi. Mwenye foamu ya PVC chini ya sitaha asiipake rangi nyeusi wala buluu iliyoiva. Jua likipiga, sitaha ya rangi nzito inapata moto sana, na foamu nyingi hulainika kwenye joto. Balsa katika hilo haina shida.

Msasa Themanini

Baada ya lile janga nilijifunza kutengeneza vipande vya majaribio, ukubwa wa kiganja, kwa kiini kile kile na resini ile ile. Nikaviacha wiki moja, nikaving'oa ngozi kwa patasi. Cha kwanza kiliondoka na foamu imeng'ang'ania ngozi yote, mpasuko uko ndani ya foamu. Cha pili ngozi ilibanduka safi kama sahani iliyooshwa. Tofauti yao ilikuwa moja: kwenye cha pili sikuosha kwa maji ule utando wa kunata ambao epoksi huacha juu ikikauka, nikabandika tabaka inayofuata juu yake.