Skuta ya umeme Kirumba: nitokeje kwenda ziwani na kwenye shughuli bila kukwama njiani?

Binti wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka. Naomba ushauri kwa wanaozijua skuta za umeme, zile za kukalia za watu wenye shida ya kutembea, zenye usukani na magurudumu manne, siyo pikipiki. Yangu ina betri mbili za volti 12, kila moja Ah 20, na matairi ya mpira mtupu yasiyojazwa upepo. Uzito wangu kilo 78, naishi Kirumba, Mwanza. Nataka kutoka: kupunga upepo ziwani jioni, kwenda uwanja wa CCM Kirumba Pamba Jiji ikicheza, kuhudhuria harusi na vikao vyake, na siku mojamoja ufukoni Igombe. Taa ya betri ni ya kijani nikiwa sebuleni, nikikuta mwinuko inashuka hadi nyekundu. Karatasi ya kiwanda inasema kilomita 15. Nianzie wapi? Tafadhali msiniambie "mwombe mtu akupeleke".

Fundi Volti

Dada, anza na betri. Ile taa inapima volti tu, haihesabu umeme uliobaki. Ukisimama volti zinapanda, mota ikivuta mlima zinashuka. Kwa hiyo isome ukiwa unapanda. Kilomita 15 za kiwandani ni za betri mpya kwenye lami tambarare. Kwa Mwanza kata nusu, baki na saba au nane, kisha gawa kwa tatu: fungu la kwenda, la kurudi na la akiba. Maana yake usivuke kilomita mbili na nusu kutoka nyumbani mpaka uzipime hizo betri.

Kupima: chaji usiku kucha, chomoa, ziache zitulie kwa muda wa saa tatu hivi, halafu weka mita ya volti kwenye kila betri peke yake. Iliyo nzima na iliyojaa husoma kama 12.7 hadi 12.9. Ikisoma 12.0 baada ya chaji kamili, imechoka. Kipimo cha pili ni cha mzigo: mtu ashike mita kwenye jozi nzima wakati unapanda mwinuko mfupi. Volti 24 zikianguka hadi 21 au chini yake, kontrola (kifaa kinachogawa umeme kwa mota) itakata na utasimama katikati ya mlima.

Kinachoziua zaidi ni kuachwa tupu. Bati za risasi zikikaa bila chaji zinaota ukoko wa salfeti, na ukoko huo ukishakomaa hautoki. Chaji kila usiku hata kama ulienda dukani tu. Betri za ukubwa huo hazimalizi hata uniti moja ya LUKU. Soma nyuma ya chaja: 100–240V haina neno, lakini ikisema 115V pekee ni ya soko la Marekani, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V inaungua. Weka na friji gadi, maana umeme ukirudi kwa kishindo huanza na chaja.

Jiwe Juu ya Jiwe

Fundi kasema vizuri, ila mji huu hauhesabiwi kwa kilomita, unahesabiwa kwa vilima. Skuta nyingi za ukubwa huo zimepangiwa mwinuko wa nyuzi 6 hadi 10, yako imeandikwa kwenye kitabu chake. Simu nyingi zina kipima usawa: ilaze barabarani usome nyuzi. Barabara ya Makongoro itakubeba bila shida. Mlima wa Bugando au vichochoro vya Mabatini kati ya mawe, achana navyo. Kisiwa cha Saanane nacho njia zake ni za mawe, kiangalie kutoka Capri Point inatosha.

Mlima upande ukiuelekea moja kwa moja, kifua mbele. Usiukate kwa ubavu, hapo ndipo skuta hulala. Hivyo hivyo kwenye kingo na mifuniko ya mitaro: gurudumu zote mbili za mbele ziguse kwa pamoja. Kingo ikizidi sentimita 5 tafuta njia nyingine.

Halafu hili la NYUTRO. Ule wenzo wa nyuma unaoachia mota ili skuta isukumwe kwa mkono unaondoa na breki. Breki ya skuta ni ya sumaku: ukiachia wenzo wa mwendo, inashika yenyewe. Ukiweka nyutro hakuna kinachoshika. Wapo wanaoshuka mlima kwa nyutro ili "kuokoa betri". Wanaokoa betri, wanapoteza meno.

Pancha Tatu

Hayo matairi ya mpira mtupu yabadilishe. Kwenye changarawe yanarusha mgongo vibaya, na mtikisiko unalegeza soketi za betri. Ya upepo yanalainisha. Presha imeandikwa ubavuni mwa tairi, nyingi ni psi 30 hadi 35. Pima kila wiki.

Fundi Volti

Sikubaliani, mkuu. Mpanda pikipiki akipata pancha anasukuma. Huyu atasukumwa na nani? Miiba na misumari ni mingi mno. Abaki na mpira mtupu, aongeze godoro la sponji la sentimita 7 au 8 kwenye kiti, na soketi za betri azibane kila mwezi.

Pancha Tatu

Basi abebe dawa ya kuziba pancha na pampu ya mkono. Mgongo hauna spea, fundi.

Mama Sato

Hawa vijana watabishania matairi hadi asubuhi. Mdogo wangu, mimi nikuambie ya shughuli.

Ukumbi usiulize "panafikika?" Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza ngazi ngapi, kila ngazi sentimita ngapi, mlango wa choo upana gani, na waombe video ya kuanzia getini hadi mezani. Pima upana wa skuta yako ukijumlisha viegemeo vya mikono, ongeza sentimita 10, huo ndio mlango unaoutaka. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji ubao wa mita 1.8 ndiyo upande ukiwa umekaa. Ngazi zikiwa tatu, ubao hausaidii tena. Hapo unashuka, wanatoa betri kwanza (kila moja kama kilo 6), wanatoa kiti, halafu wanabeba mwili wa skuta. Waambie mapema washike fremu ya chini. Wasaidizi wa harusini huwahi viegemeo, na viegemeo vinachomoka mkononi.

Mwambie mwenye kamati meza yako iwe pembeni ya njia, siyo mbele kabisa karibu na spika, siyo kona ya nyuma kama mzigo. Kiti cha skuta nyingi kina wenzo wa kukizungusha: simamisha skuta ubavu kwa meza, zungusha kiti, utakaa uso kwa uso na wenzako. Ukibaki umeushika usukani watu wanazungumza juu ya kichwa chako. Ufunguo uchomoe, uweke kwenye mkoba. Watoto wa shughuli hawaachi kitu chenye kitufe.

Uwanjani fika saa nzima kabla, ongea na wasimamizi wa geti kabla foleni haijajaa, na toka wa mwisho. Barabarani weka kibendera kwenye fimbo ifike kama mita moja na nusu kutoka chini. Umekaa chini kuliko kioo cha daladala, dereva hakuoni.

Na usiache kunywa maji eti kwa kuogopa choo. Jua letu halitanii. Kama miguu au makalio hayana hisia, jiinue kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kiti cheusi kilichokaa juani kiguse kwa mkono kabla ya kukikalia.

Nahodha wa Nchi Kavu

Igombe usiende kwa betri zako, ni mbali. Kodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Ubao wa mita 2.4, kiti kikiwa kimetolewa, hakuna aliyekaa, watu wawili wanasukuma na mmoja yuko juu. Ikishapanda irudishe kutoka nyutro ili breki ishike, kisha funga kamba kwenye fremu pande nne. Ukifunga kwenye usukani, tuta la kwanza linaukunja. Toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ni rahisi zaidi kwa safari fupi za mjini, lakini skuta ikae katikati.

Mchanga sasa. Magurudumu madogo yanachimba, mota inapata moto, kitufe cha usalama kinaruka. Ikitokea, usibonyeze tena na tena. Zima, subiri ipoe. Dawa ni plaiwudi ya milimita 18, karatasi ya futi 4 kwa 8, ikatwe katikati upate vipande viwili vya futi 4 kwa 4. Unasimama juu ya cha kwanza, msaidizi anatanguliza cha pili, unasogea, anahamisha. Mita 30 za ufuko zinavukika hivyo bila jasho kubwa.

Kivuko cha Kamanga ni kizuri kwa matembezi, maana magari yanaingia yenyewe na skuta inaingia vilevile. Omba kuingia kabla ya magari. Angalia pale mlango wa kivuko unapokutana na gati: mwinuko wake hubadilika kwa kina cha maji, na pana ufa unaoweza kumeza gurudumu la mbele. Mtu akae nyuma yako. Ndani, chomoa ufunguo, weka kabari mbele na nyuma.

Ukingoni usiegeshe ukitazama maji, egesha ubavu. Na kama kuna mtu atakushusha uchovye miguu, asichague maji yaliyotulia yenye majani. Konokono wa kichocho wako humo. Masika na vuli funika usukani kwa mfuko wa plastiki, na ukirudi kausha soketi ya chaja kabla ya kuchomeka.

Binti wa Mwaloni

Wabeja sana wakuu. Mama Sato, shikamoo, la kuzungusha kiti sikulijua kabisa. Fundi, vipimo hivi hapa, baada ya chaji ya usiku na saa tatu za kutulia: moja 12.8, nyingine 11.7. Ninunue moja?

Fundi Volti

Hapana, dada. Ukiweka mpya pamoja na ya zamani, chaja inazijaza kwa mkupuo mmoja: moja itazidishiwa, nyingine itapunjwa, na baada ya miezi michache utakuwa na mbili mbovu. Nunua jozi, aina moja, Ah zilezile, tarehe ya kutengenezwa iliyo karibu. Chukua zilizozibwa kabisa zisizomwagika, zinazoandikwa AGM au jeli, za kazi ndefu kama zile za sola. Ya gari ikatae hata kama ni nusu bei. Hiyo imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na ikiinama inamwaga asidi. Nenda na mita dukani. Ikisoma chini ya 12.5 imekaa sana rafuni, mwambie alete nyingine.

Mama Sato

Marahaba. Na ile ya 12.8 usiitupe, itawasha taa za balbu ndogo siku umeme ukikatika.